Mistari Mitatu Iliyobaki Wazi

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kangemi tupo, ila nyanya yako bado anakohoa. Umeuliza mashua mliyounda na kaka yako, ya matembezi ziwani, uiandikishe kwa jina la nani.

Yangu niliiunda hapa uani na mdogo wangu Wafula, futi kumi na nne. Ofisini mjini karani akaniuliza, "Mzee, wenye chombo ni wangapi?"

Mbao zilikuwa zangu, na foleni ya saa tatu nzima nilisimama mimi. Nikasema, "Mmoja."

Wafula, aliyekuwa kando yangu, penseli ya useremala bado sikioni, akacheka. "Basi mimi ni abiria."

Hakuipanda hata mara moja. Mwezi uliopita tulimzika.

Fomu ilikuwa na mistari minne ya wenye chombo. Mwandike kaka yako kabla hajacheka.

Babu yako