Noti ya Harusi Niliyoipiga Pasi

Katandala,
S.L.P. 87,
Sumbawanga.
14 Septemba 1993

Mpendwa Dada Kristiana,

Na basi likaondoka kabla hujamaliza! Ulikuwa unanieleza pale stendi, siku ya pili ya harusi yangu, kwamba noti ikiharibika kiwandani huwekwa nyingine badala yake, yenye namba inayoanza na Z mbili, na kwamba hizo ni chache. Ukasema, "Ila Zita, usije uka..." nikasikia honi tu. Sasa najua ulichotaka kusema, na nimekijua nikiwa nimeshachelewa.

Lakini kwanza shikamoo. Kifua kimekuacha? Shemeji na watoto hawajambo? Huku upepo wa Septemba unatutia vumbi mpaka kwenye ugali, ila tu wazima. Nina furaha hata naona haya kuiandika. Beda akirudi kutoka Milanzi, anakowalipa wakulima kwa niaba ya hawa wanunuzi binafsi wa mahindi, namjua kwa kengele ya baiskeli kabla hajafika kona. Moyo unadunda kama nachumbiwa upya.

Unakumbuka Bibi Evodia alivyonitunza ukumbini, akanibandika mia mbili kwenye paji la uso? Beda hukusanya noti za Z mbili. Alipoona kwamba na hiyo ni ya Z mbili, alipiga yowe kuliko siku nilipomkubali. Kwa miaka minne ameona kadhaa za shilingi mia, lakini ya mia mbili hiyo tu. Akanikabidhi niihifadhi. Sasa dada, ilikuwa inanuka dagaa, imelowa mafuta na jasho langu. Nikaifua kwa sabuni, nikaipiga pasi ya mkaa. Nilitaka kumfurahisha mume wangu!

Wiki iliyopita Beda akiwa kazini, akaja Oswaldi, mnunuzi wa mahindi kutoka Tunduma. Akaomba aione "ile noti." Ile ipi? Nilikuwa nimeificha kwenye kopo la majani ya chai, sikumwambia mtu. Nikaitoa. Akaipapasa, akacheka.

"Shemeji, umeifua! Hii sasa ni ya kufungia vitumbua. Haya, nipe, nikupe elfu moja."

"Ya kufungia vitumbua unainunua elfu?"

"Nakuonea huruma. Beda akijua itakuwaje? Tuyamalize sisi wawili."

Hapo nikashtuka. Amerudi mara tatu, na kila mara Beda hayupo. Kama ni takataka, mbona anaifuata? Na nani alimwambia? Nikaanza kumshuku hata Beda wangu, kwamba anataka kuiuza kwa siri. Siku mbili nilimpakulia chakula bila kumtazama machoni, Mungu anisamehe.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamwambia yote. Akaiinua noti kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza na kuigeuza mpaka nikaanza kulia. Kisha akasema, "Umeinyoosha kuliko shati langu la harusi," akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni yeye aliyejisifu kwenye mizani ya mahindi mbele ya Oswaldi, ambaye naye anakusanya na ya mia mbili hajaipata. Bei imeshuka, anasema Beda, lakini uchache wake uko palepale, maana sabuni yangu haikuzaa nyingine.

Oswaldi bado simwamini. Jana katuletea kilo mbili za sukari, eti zawadi ya maharusi. Sijaifungua. Wala namba ya noti siiandiki humu, kwani bahasha yako iliyopita ilifika ina gundi ya rangi mbili, kama iliyofunguliwa njiani.

Wewe unayeshika noti kila siku huko benki Mbeya, utatuamulia thamani yake. Nisalimie Shangazi Winifrida na Romani. Bibi Evodia anakusalimu, naye anauliza kama ile mia mbili tulinunulia chumvi. Mungu awalinde nyote na kuwapa usingizi mwema.

Beda ameshaomba ruhusa kazini. Noti nimeishonea mfuko ndani ya gauni, haishikwi tena na mtu ila wewe, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa tunabisha hodi mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye bila kipimo,
Zita, mke wa Beda
(niache niandike tena: mke wa Beda)