Nimepanda Ukoka Mlangoni, Sasa Jirani Yangu Atachapwa

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwanza, na baada ya salamu nakushika miguu, niokoe kabla sijampoteza mke kwa sababu ya majani, na nikisema majani sisemi kwa fumbo, ni majani hasa, yale yanayoota chini.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nachuuza nguo za merikani na kaniki hapa Dodoma tangu reli ilipofika, na mimi na mke wangu Sikudhani na binti yetu Mwajabu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea, tunakaa katika tembe dogo karibu na stesheni, mahali tulipoonyeshwa na jirani yetu mzee Matonya, Mgogo, ambaye siku tulipofika na mizigo kichwani alituambia, "Jengeni hapa, mtoto asilale nje," wala hakutaka kitu, na tangu siku hiyo mkewe humletea binti yetu maziwa kila asubuhi. Haya nayasema mapema, maana huko mbele nitaonekana mtu mbaya.

Sasa Mshauri, tembe ni tembe, ukuta udongo, paa udongo, mbele vumbi na nyuma vumbi, mgeni akisimama mbali hajui kama ile ni nyumba au kichuguu, nami kila siku napita nyumbani kwa bwana stesheni, Mdachi, naona njia yake imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa na pande zote ukoka umelala kama zulia, nikasema, kwani mimi sina mlango? Nikambembeleza Khamisi, mtunza bustani wa pale, akanijazia kikapu cha ukoka, nikaupanda mbele ya nyumba yangu, nikapanga mawe, nikayapaka chokaa, kisha nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara nitazame, na wallahi nilitamani kujipigia hodi mwenyewe.

Taabu ikawa maji. Bwana stesheni ananywesha majani yake kwa maji ya gari la moshi, mimi nilinywesha yangu kwa shingo ya Sikudhani, ambaye hushuka korongoni, akachimba mchanga, akangoja maji yajikusanye, akarudi na mtungi kichwani, nami nikamimina nusu yake pale mlangoni. Akaniambia, "Baba Mwajabu, mwanao hajaoga tangu juzi, lakini majani yako leo yameoga mara mbili." Nikamwambia avumilie, ustaarabu una gharama.

Kikaja kiangazi. Kila kitu katika nchi hii kikakauka, pakabaki kijani mahali pamoja tu, mbele ya mlango wangu, na ng'ombe wa Matonya, yule mwekundu anayenyonyesha, akapaona kabla ya watu. Nikubali pia kwamba njia ya ng'ombe kwenda majini ilipita hapohapo tangu zamani, ni mimi niliyeifunika kwa ukoka nikidhani watajifunza kuzunguka. Nikatoka na fimbo nikimtukana ng'ombe, naye Matonya akaja akicheka, akasema, "Athuman, umepika chakula ukakiweka njiani, halafu unampiga aliyekula?" Wapita njia wakacheka naye, mimi sikucheka.

Ijumaa akarudi tena yule ng'ombe, nikamkamata nikamfunga kwenye nguzo ya mlango, nikaapa hafunguliwi mpaka Matonya aje kuomba radhi, nikavaa kanzu nikaenda msikitini. Huku nyuma ndama akawa analia, Sikudhani akashindwa kuvumilia, akamfungua mama yake, naye ng'ombe kabla hajaondoka akamaliza ukoka wote uliobaki na kuacha rundo lake la mavi juu ya kizingiti, nami nikarudi kutoka kusali nikiwa na jamaa wote wa msikitini, kanzu nyeupe, nikakanyaga katikati. Mshauri, alicheka hata imamu.

Kwa hasira ile sikuingia hata ndani. Nikaenda moja kwa moja kwa akida wa serikali nikasema Matonya ameharibu bustani yangu kwa makusudi. Akida akafurahi mno, kumbe siku nyingi anamtafutia Matonya kisa kwa kuchelewa kuleta watu wa ukoo wake kwenye kazi ya barabara. Akasema, "Bwana mkubwa wa boma akirudi safari, mzee huyo atalazwa chini apate viboko ishirini na tano." Nikasema, "Akida, mimi nilitaka aonywe tu." Akanijibu, "Ndivyo tunavyoonya."

Nilipomweleza mke wangu, hakupiga kelele. Alikunja mkeka, akambeba mtoto, akahamia kwa mke wa Matonya, akaniambia, "Ukishajua kama umenioa mimi au umeoa ukoka, unajua nilipo." Na Matonya mwenyewe habari anazo, na bado asubuhi akipita ananisalimu, na hilo ndilo linaloniua.

Nifanye nini? Akida amesema anayeidanganya serikali hupata ileile ishirini na tano, kwa hiyo ni mgongo wangu au wa mzee, na wangu ni mwembamba. Na je, iko njia ya kuotesha ukoka ambao ng'ombe hawaupendi?

Ni mimi Athuman, ninayelala peke yangu na mawe yenye chokaa.

*

Athuman,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitafuta fimbo. Gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi na mgongo wa mzee hauwezi kungoja, kwa hiyo jibu hili nalitia posta leo, wasomaji wengine watalikuta baadaye.

Kwanza pole. Kutaka mlango wako upendeze si kosa, na wanaokucheka wengi wao milango yao inatia aibu. Lakini, ewe Mrangi uliyekulia kwenye vilima vyenye chemchemi, nani alikudanganya kwamba Dodoma ni Kondoa? Unapanda majani katika nchi ya wafugaji, wakati wa kiangazi, juu ya njia ya ng'ombe, halafu unamshitaki ng'ombe kwa kuwa ng'ombe! Na neno "makusudi" ulilitoa wapi? Hukuliona kwa macho, ulilikanyaga kwa mguu na kanzu yako nyeupe. Kwa neno hilo moja mtu aliyempa mwanao pa kulala atavuliwa nguo mbele ya watu.

Unaniuliza mgongo wa nani. Unajua. Usingoje kuitwa. Nenda kwa Matonya, mwamkie, umwambie kwa kinywa chako, "Nilisema uongo." Usimpelekee kipande cha kaniki, ataona unamnunua. Kisha siku ya baraza simama mbele ya bwana mkubwa, si mbele ya akida, useme njia ilikuwa ya ng'ombe na wewe ulipanda chakula cha ng'ombe. Sema hivyo tu, bila mapambo. Ukichapwa, utalala kifudifudi kwa siku kadhaa. Wako waliolala hivyo kwa makosa madogo zaidi. Mimi ni mshauri wa kalamu, siwezi kukuzuilia kiboko.

Ama nyumba, acha ukoka! Tembe lina uzuri wake kama ukilisaidia. Siriba ukuta wa mbele kwa udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, na samadi ukaombe kwa Matonya, maana ile aliyokuletea ng'ombe wake bure uliipiga teke. Paka udongo mweupe kuzunguka mlango. Panda minyaa upande mmoja tu, njia ibaki wazi. Haihitaji kunyweshwa na ng'ombe haigusi, ila utomvu wake usiingie machoni. Mawe yako yahamishie ukutani. Uwanja ufagiliwe kila asubuhi, na mwenye kufagia ni wewe. Maji ya Sikudhani ni ya kunywa na ya kumwogesha mtoto. Tone moja likianguka kwenye mmea, usiniandikie tena.

Wako asiye na kiboko,
Mshauri

*

Mshauri,

Nilikwenda. Matonya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulichelewa kusema, lakini umesema," akaendelea kukamua.

Siku ya baraza askari alinishika bega, akanisimamisha mbele ya bwana mkubwa. Nilisema ulivyonifundisha. Bwana mkubwa akauliza kwa mkalimani bustani yenyewe ina ukubwa gani, nikamwonyesha, kutoka nilipo mimi mpaka alipo askari. Akaniangalia, akamwangalia akida, akasema maneno ya Kidachi ambayo mkalimani alikataa kuyafasiri. Matonya akaambiwa aende zake. Mimi, kwa uongo wangu, sikuchapwa, ila nilipelekwa kuvunja mawe kwenye barabara ya Mpwapwa, na mikono yangu hata leo haiwezi kukunja kaniki vizuri. Akida hanisalimu, na wateja wanaomwogopa hawaji kwangu tena.

Niliporudi nilipita nyumba yangu bila kuijua. Sikudhani na mke wa Matonya walikuwa wameisiriba mbele yote kama ilivyoagiza barua yako niliyowasomea, nyekundu, mlango umezungushiwa nyeupe, na minyaa michanga imesimama upande wa kaskazini. Mke wangu alikuwa uani anamwogesha mtoto. Nikauliza, "Mimi nipande nini sasa?"

Akasema, "Usipande kitu, baba Mwajabu. Kaa hapo mlangoni watu wakuone. Nyumba yenye mwenyewe hupendeza."

Nikakaa.

Athuman