Kijiko Kwenye Kona

Jumatatu, 13 Januari
Uji umeungua tena. Watoto wamekunywa hivyo hivyo. Nimeita majina. Nashipai bado hajarudi kutoka likizo. Kiti chake cha magurudumu, ambacho hubaki shuleni, kiko kwenye kona, kijiko chake kikining'inia kwa kamba. Nashipai hasemi. Nikimwita hugonga kijiko kwenye chuma mara mbili: yupo. Leo nimemwita hata kama hayupo. Mwalimu mkuu anakitaka chumba hiki kwa Gredi ya Tisa. Watoto wenye ulemavu wakipungua tutahamia stoo, amesema. Basi nitaita kila jina kwa sauti, mlango wazi, asikie vizuri.

Jumatano, 15 Januari
Nimemuuliza Sein. Ni binamu yake, wanaishi boma moja. Sein haoni, lakini mdomo anao. Ndiye redio yetu. Leo kimya. Ameinamisha kichwa. Nikauliza tena, akalia. Simu ya babake Nashipai haishikwi. Nimekasirika. Wamemficha mtoto nyumbani kama wengine wanavyofanya. Nitaendelea kuita.

Ijumaa, 17 Januari
Nilipomwita Nashipai, kijiko kiligonga. Mara mbili. Nikasema ni upepo, huu wa Kitengela haukosi cha kugonga. Lakini madirisha yalikuwa yamefungwa. Sein aligeuza uso kwenye kona. Wote wakageuka. Hata Muthoni, ambaye hasikii kabisa.

Jumanne, 21 Januari
Kiligonga jana. Leo kimegonga kabla sijamaliza jina. Naogopa. Sein hakuja. Wenzake wanaotoka maboma ya upande wa Isinya hawakuja pia.

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. "Madam, hii darasa imebaki na nani sasa?" Nikaita majina mbele yake. Alikuwa ameinamia simu. Kijiko kiligonga, akasema, "Sawa, huyo yuko," akaenda zake. Nina aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi kidogo.

Alhamisi, 23 Januari
Bado hawaji. Nimeita. Ameitika. Kiti kilikuwa kimesogea kutoka ukutani. Kesho kutwa naenda kwao.

Jumamosi, 25 Januari
Bodaboda hadi barabara inapoishia, kisha miguu. Mama yake alikuwa akitoka na ndoo. Nikamsalimu kwa lugha yao, "Takwenya," akaitikia "Iko," uso mzuri tu. Nikasema nimekuja kumwona Nashipai. Ndoo ilianguka. Akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Teacher, tafadhali. Hiyo jina tuliacha kuitaja Desemba."

Kifua kilimbana, wakachelewa kufika hospitali. Walimzika kabla ya Krismasi. Hakuna aliyetuma habari shuleni kwa sababu ingebidi jina litajwe, na kwao aliyekufa hatajwi. Kanisani wanaenda kila Jumapili, lakini kwa hili hawana mchezo. Ndiyo maana Sein alinyamaza. Ndiyo maana majirani walizuia watoto wao.

"Sein alituambia unamwita kila asubuhi," mama alisema. "Ukimwita anaamka. Si umwache alale?"

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia, na yeye ndiye aliyeniletea chai. Mimi natembea na jina la nyanya yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwetu jina la marehemu anapewa mtoto ili liitwe kila siku nyumbani. Nilidhani ni hivyo kwa kila mtu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha mtoto wa watu.

Nilimwahidi sitaita tena. Aliniuliza kama kijiko kiko salama. Nikasema kiko.

Jumatatu, 27 Januari
Sein amerudi. Wale wengine pia. Mama yule alipita kwa majirani jana akawaambia wawalete. Mwalimu mkuu alichungulia, akaona madawati yamejaa, akaondoka. Chumba ni chetu.

Nimeita majina. Nilipofika mahali pake niliruka, nikaita linalofuata. Kona ilikuwa kimya. Sein akapumua. Muthoni aliangalia kile kiti kwa muda, kisha akarudi kwenye uji wake.

Nilitaka kijiko kigonge. Mara moja tu. Nimekifungua kamba, nimekiosha, nitampelekea mama yake Jumamosi. Leo sijaliandika jina lake hapa.