Nani Anawasha Taa Mchana?

Jumatatu, 4 Novemba 1895

Taa imekutwa na joto tena! Bwana Pruitt, mwajiri wetu, akirudi kutoka kula hata kofia havui. Moja kwa moja anaishika balbu, kama anampima mtoto homa. Mchana ni marufuku kuwasha — mita ya umeme iko pale mlangoni, naye anaichungulia kutwa. Eti jua la Chicago ni la bure. Jua gani? Tangu jengo la jirani lifike ghorofa ya kumi, dirisha letu linatazama matofali matupu.

Akanikazia macho mimi. Nikome! Ikiwa na joto mara nyingine, nichukue koti langu niende. Na sijaigusa! Ofisini tuko watatu tu. Basi ni Bibi Tierney, mnakili wetu wa mikataba. Mjane yule, mpole kama nini! Ana mpwa wake anayejifunza kupiga taipu. Kiti changu hiki cha mpiga taipu ndicho anachomtafutia.

Jumanne, 5 Novemba

Bibi Tierney kaniletea keki ya tufaha. Wema wa ghafla! Sikuila. Nikamuuliza mbona siku hizi hatoki saa ya kula. Eti lifti inamtia kizunguzungu. Tuko ghorofa ya tatu, ngazi zipo! Uongo mtupu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemfuma. Nilijifanya natoka, nikarudi kwa kunyata. Taa inawaka, mkataba kaubandika puani chini ya balbu, anasoma neno mojamoja. Machozi yanamtoka.

"Naona ukungu tu, mwanangu," akasema. "Asubuhi nakisia, saa hii ndiyo nasahihisha. Bwana Pruitt akijua, nani ataniajiri tena?"

Nilikuja na maneno yangu makali. Nikayaacha. Nikazima taa — na hatua za Bwana Pruitt hizo, koridoni! Mapema hivi! Nikalowesha leso kwenye jagi, nikaizungushia balbu ipoe upesi. Paa! Ikapasuka.

Akaingia, akaviona vipande. Kaenda kumwita msimamizi wa jengo. Akirudi anataka jina la aliyewasha, la sivyo tunatoka wote wawili. Naandika, vipande vya kioo bado viko kwenye sketi.

Bibi Tierney ananong'ona. "Nitaje mimi, Hulda. Wewe bado binti mdogo. Mbona hunijibu? Nitazame basi."

Namtazama. Yeye anazungumza na koti langu, pale msumarini.