Mama Mkwe Ameziba Mlango kwa Maua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba siri. Usimsomee mtu barua hii kwa sauti, usiiache mezani ukienda kunywa chai, na ukiona ni lazima ichapwe basi ufute jina langu kabisa, maana anayehusika husoma ukurasa wako kila unapotoka na huwa anawacheka wanaokuandikia.

Mimi ni kijana, karani katika ofisi ya uwanja wa michezo, na kazi niliyopewa ni kupanga usalama wa watu siku za mikusanyiko mikubwa: waingilie wapi, watokee wapi, gari la wagonjwa lisimame upande gani, nani ashike funguo za geti gani. Mambo haya niliyasomea na nayapenda, ila mwenyewe ni mwoga tangu utotoni, nikiingia hata ukumbi wa harusi macho yangu hutafuta mlango kabla ya kutafuta kiti, na ofisini wamenibatiza Bwana Ikitokea, kwa sababu kila kikao nauliza, "Je, ikitokea mvua? Ikitokea umeme umekatika? Ikitokea mtu ameanguka na walio nyuma hawajui?" Wanacheka, nami nacheka nao, kazi inaendelea.

Sasa Jumamosi ijayo tuna tamasha kubwa la muziki, watu watajaa mpaka kwenye nyasi, na mpambaji aliyepewa kazi ni mama mzazi wa mchumba wangu. Si mimi niliyemtafutia, alishinda kwa ustadi wake, maana mama yule akishika kitambaa hata banda la kuku utatamani kufungia ndoa humo. Nilifurahi sana, nikajisemea sasa ataona mkwe wake anavyofanya kazi, mpaka asubuhi moja nikaingia uwanjani nikakuta geti la nyuma halipo. Halipo kabisa, mshauri. Mahali pake pana ukuta wa kitambaa cheupe kutoka juu hadi chini, maua ya bandia yamepandana kama yameota hapo, na mbele yake kijukwaa cha wageni kupigia picha. Geti lile ndilo pana kuliko yote, na watu wa kwenye nyasi, wanaosimama karibu na wanamuziki, hutegemea hilo, kwa kuwa mageti mengine yako upande wa pili, na ukitaka kuyafikia lazima upite katikati ya umati wote. Kumbe msimamizi wetu ndiye aliyemwambia mama, "Lile geti lina kutu, linatia aibu, lifiche," naye akalificha kama alivyoagizwa, na hakuna aliyemwambia kwamba lina kazi.

Hapo ndipo ulimi uliponiwia mzito. Mtu ambaye kesho atakuwa mkwe wako humwambii, "Mama, umekosea," hasa kama wazee wako hawajamaliza mazungumzo ya posa. Nikaona nizunguke. Nikamwendea nikamwambia, "Shikamoo mama. Kazi nzuri. Ila naona kama upande huu watu watapita wengi."

"Marahaba mwanangu," akasema, "hilo ndilo nililotaka kusikia!" Akaagiza viongezwe vyungu vya maua, vile vizito vya saruji, ili wapitao wavione.

Kesho yake nikasema, "Mama, hapa naona hewa haipiti." Akaleta feni mbili akazifunga kwenye vyuma vya geti. Safari iliyofuata nikajikaza, nikasema, "Mama, ikitokea watu wakataka kutoka kwa haraka..." Hakuniacha nimalize. Alishusha mkasi, akanitazama juu ya miwani, na mafundi wake wote wakageuka.

"Baba," akasema, "watu wanakuja kufurahi, wewe unawapangia kukimbia?"

"Hapana mama, nasema tu ikitokea..."

"Usituletee uchuro! Hivi na siku ya harusi yako utatupangia pa kukimbilia?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja ikabidi ashuke kwenye ngazi asije akaanguka. Nami nikacheka, mshauri, tena alipopanda upya nikamshikia ngazi.

Nilimweleza mchumba wangu, akasema, "Mwambie wewe, mimi simo. Mama akinuna, nyumba nzima tunaongea kwa ishara." Msimamizi nilipomgusia alijibu, "Yule ni mkweo, si wangu, malizaneni." Nikifumba macho naona watu wa kwenye nyasi wameyageukia yale maua, wanasukumana, wanadhani ni ukuta. Nikisema naogopa kukosa mke, nikinyamaza sijui Jumapili nitamtazama nani usoni. Nifanyeje? Au niombe likizo ya ugonjwa?

Tafadhali usinijibu kwa anwani ya ofisi, barua zetu hupitia mapokezi, na dada wa mapokezi ni mpwa wa mama huyo. Jioni usipige simu yangu, mchumba huwa karibu. Ukiwa na la haraka mpigie jirani yangu fundi saa, namba yake iko nyuma ya bahasha, mwambie tu kwamba saa ya ukutani imepona. Ataelewa, na mimi nitakupigia mwenyewe kutoka dukani kwake.

Karani mwenye hofu


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Jina lako nimelifuta, kama ulivyoomba. Lakini umeniachia mkwe, feni mbili, vyungu vya saruji na geti lenye kutu! Hata nikikuita Malkia wa Nyuki, mama huyo atajitambua kabla chai yake haijapoa. Ndiyo maana nilimpigia fundi saa mapema, ukapata habari kwamba ukurasa huu unatoka leo. Ikiwa unasoma haya na bado hujazungumza naye, kunja gazeti ukimbie, umfikie kabla ya muuza magazeti.

Pole kwa hofu. Lakini hofu yako si ugonjwa, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Katika uwanja mzima kuna mtu mmoja anayelipwa kuogopa kwa niaba ya wengine, naye amesimama kushika ngazi ili mlango uzibwe vizuri! Likizo ya ugonjwa sahau.

Kilichoniudhi ni huko kuzunguka. Umesema watu watapita, mama akapamba zaidi. Umesema hewa haipiti, akaleta feni. Huyo si mtu mgumu. Kila ulichomwomba amekifanya papo hapo, ila unachokitaka hujamwomba bado. Unasingizia adabu. Adabu inakutaka umwamkie, umpe kiti, umpokee mzigo. Haikutaki umwache mama wa watu aje kuulizwa mbele ya umma nani alifunika geti.

Wala usimwambie abomoe, mpambaji haambiwi abomoe. Mwambie alipambe geti likiwa wazi. Kitambaa kipasuliwe katikati kifungwe pande mbili, maua yapande juu kama tao, vyungu na feni vitoke njiani kabisa, na kijukwaa cha picha kihamie kwenye ukuta wa kweli, kuta hazikosekani uwanjani. Hapo hata mgeni aliyekuja na watoto ataona pa kutokea tangu anaingia. Kufuli liondolewe kabla mtu wa kwanza hajafika. Mlinzi akae hapo tamasha zima, asiondoke hata wimbo anaoupenda ukipigwa. Mshereheshaji awaonyeshe watu mageti kabla ya muziki kuanza, tena kwa utani, watacheka na watakumbuka. Halafu kabla ya Jumamosi wakusanye mafundi, walinzi na wafagiaji, wasimame kwenye nyasi, kisha wote watoke kwa pamoja kupitia geti hilo. Mwombe mama awepo. Atakapoona mafundi wake wanabanana kwenye chungu, hutahitaji kumweleza zaidi.

Msimamizi wako amejitoa kijanja, lakini agizo lilikuwa lake. Mpelekee kwa maandishi: geti likizibwa, wewe mpango huo huutii sahihi. Akirudia yale ya "mkweo, si wangu", waite zimamoto waje wakague. Wale hawana posa ya kulinda.

Na kuhusu mke: binti aliyekupenda na uoga wako wote hatakuacha kwa sababu ya mlango. Mama akinuna, avumiliwe. Kununa kunaisha.

Haya, nenda. Usianze na hewa, usianze na ikitokea. Mwamkie, subiri marahaba, useme hivi: "Mama, hapo ulipopamba ni mlango, nao ndio mkubwa kuliko yote. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza. Naomba unisaidie mlango huo uwe wazi." Kisha funga mdomo, umwache yeye aseme.