Mwangaza Inakula Mbao

Kavira mujukuu wangu,

Salamu yako ya Kampala ilitufikia hapa Rughenda. Mama yako iko muzima, alienda Kalunguta kuvuna maharagi. Bibi yako anakuombea, ni magoti tu ndiyo inamusumbua.

Unaniuliza mie, seremala muzee, sababu gani vipande vya mbao vyenye mashini yako ya lazeri, ile ya mwangaza unajifunza nayo, inakata vinalegea ukiviunganisha, na vipimo biko sawa. Kichwa inanizunguka. Taa ya hapa nyumbani haijakata hata mukate!

Lakini nakumbuka kitu. Wakati nilijifunza kazi kule Beni, kiti yangu ya kwanza nilikata mbao yake katikati ya mustari. Kiti yote ikakuwa inacheza. Fundi wangu hakukasirika. Aliokota unga ya mbao chini, akanitilia mu mukono: «Rudisha hii mu mbao.» Ndiyo nikaona kama musumeno nayo inakula. Kuanzia pale nikakata pembeni ya mustari.

Basi pengine mwangaza nayo inakula kidogo. Pima ile inakula, uiongeze ku kipimo ya kipande.

Kitu ingine sielewake. Unga yangu ilienda mu nyumba ya kuku, ingine bibi yako akawashia moto. Weye unasema mashini yako haiachake unga, ndiyo sababu banaiita safi. Sasa ile inakula inaenda wapi? Uliza mwalimu wako. Na kabla ajibu, fungua dirisha, isikuingie mu mapafu.

Babu yako