Hewa ya Tangi la Siki

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wajomba zangu wadogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inachemka, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Barua yako nimeipata. Unasema baba mkubwa amekalisha ukoo, wakaamua kwamba mke wa marehemu mdogo wetu Mrefu afungashe virago arudi kwao, eti ndiye aliyeingia kwetu na jini, na jini hilo likamfuata mumewe mpaka huku, likamwita ndani ya tangi. Dada, nilipofika hapo nilitoka nje nikaipiga ndoo teke, na kidole bado kimevimba. Mwanamke amefiwa, ana mtoto mgongoni, nanyi mnamfukuza kwa uongo uliotungwa na bosi wangu.

Kazi yetu ni kutengeneza siki. Maji ya matunda yanamiminwa kwenye matangi yaliyochimbwa chini ya sakafu, yanatiwa hamira, yanachacha na kutoa mapovu. Yakishahamishwa, sisi vibarua tunashuka kwa ngazi kusugua mashapo. Mrefu alipotolewa maiti, bosi hakuleta feni. Alileta mganga. Mganga ni rahisi kuliko feni, na jini halishtakiwi popote.

Mganga akaamuru sinia la ubani na mishumaa lishushwe tangini kwa kamba. Mara moshi ukajitandaza kama shuka juu ya kitu tusichokiona, na sinia lilipopita hapo mishumaa yote ikazimika. Mganga akasema jini limekula moto, linataka kafara. Msimamizi akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma. Kibarua mmoja akaninong'oneza kwamba jini lenye njaa hivyo lingeanza na mashapo, litupunguzie kazi. Sikucheka. Nilikuwa nawaza ule moshi.

Kiwandani kuna binti anayepima ukali wa siki, kwenye kachumba kalichojaa chupa. Nilimwendea nikamuuliza kama anaamini. Alitia magadi kwenye jagi, akaongeza siki, povu likapanda na kushuka. Kisha akaliinamisha jagi taratibu juu ya mshumaa, siki yenyewe isimwagike. Sikuona kitu kikitoka, lakini mshumaa ukazimika. Alikuwa amemimina hewa, dada, kama unavyomimina maji. Nikamwomba arudie, akarudia, mpaka akaniambia nitammalizia magadi.

Akanieleza kwamba hamira hula sukari na kutoa hewa hiyo, ambayo ni nzito kuliko ya kawaida, ikalala chini kama maji kisimani. Ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa puani. Na ndiyo ambayo majani ya mti huivuta mchana, yakaigeuza kwa jua kuwa sukari ya tunda. Yaani tunda linapochacha linarudisha ile hewa lililojengwa nayo. Nilikaa juu ya ndoo. Maisha yangu yote nimeambiwa maajabu yako kwa majini. Jini gani limewahi kufanya jambo zuri namna hii? Halafu hasira zikanipanda upya, maana uzuri huo wenye kiwanda walikuwa wanaujua, wakaufungia kwenye kachumba. Mshumaa mmoja ukishushwa kabla ya mtu, ukizimika asishuke, basi. Wametunyima hata huo.

Juzi maji ya tangi lile lile yalipohamishwa, nilishusha taa kando ya ngazi mbele ya vibarua wote, nikatia alama ya chaki kwenye kidato ilipozimikia. Msimamizi akaniita profesa wa ndoo, akanifukuza kazi hapo hapo. Lakini wenzangu waligoma kushuka, na leo nasikia fundi umeme anafunga feni. Mrefu haitampuliza.

Sasa nikwambie nililowaficha. Mliambiwa Mrefu alishuka peke yake kwa kuwa aliitwa. Kuitwa aliitwa kweli. Walioita ni vibarua, wakipiga kelele kwamba kuna mtu ameanguka tangini. Mtu huyo ni mimi. Alishuka akanifunga kamba kiunoni, nikavutwa juu, na kabla kamba haijamrudia naye alikuwa amelala. Nilinyamaza kwa sababu sikujua nimwandikieje mama kwamba nimebaki mimi badala yake. Ukimya wangu ndio ulioacha nafasi, jini likaingia.

Siku nilipotia ile alama, ngazi ilipotolewa nilisimama kando yake. Mimi alama inanifika machoni. Mrefu ingemfika mabegani. Mdogo wetu alikuwa na kichwa juu ya hewa ile, dada. Angesimama wima angeendelea kupumua. Aliinama ili anifunge kamba.

Msomee baba mkubwa hapo, polepole, na shemeji yangu, mke wa Mrefu, awe amekaa chumba hicho hicho, mizigo yake ikiwa imefunguliwa. Kama tayari wamemtoa, mfuate kwao umsomee huko, kisha urudi naye. Mtoto akikua nitamwonyesha mwenyewe jinsi hewa inavyomiminwa.

Mbusu mama. Baba mkubwa nitamsalimia akishamwomba radhi mkwewe.

Ni mimi mdogo wako, yule mfupi.